Baba Samaki Katika Chumba cha Mzazi

Jumapili jioni, Julai. Njoro. Baridi ya kukata.

Mlima haujaonekana tangu katikati ya wiki. Manyunyu asubuhi, manyunyu jioni, na katikati wingu tu. Umeme nao unakuja na kuondoka unavyotaka. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka, lakini sebuleni kwangu kuna tangi la kioo ambalo maji yake ni ya uvuguvugu usiku na mchana, umeme ukikatika natumbukiza humo chupa za maji ya moto. Majirani wananicheka: Deo fundi friji, kazini anapoza, nyumbani anapasha.

Wacheke tu. Leo nina mambo mawili moyoni na yote nayaandika hapa.

Kwa asiyewajua, diskasi ni samaki wa mapambo, bapa na mviringo kama sahani, ana mistari ya buluu. Ninao wawili, dume na jike. Alinipa Mzee Kanji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, baada ya kumtengenezea friji lake kubwa. Yeye amewafuga miaka mingi, na alinionya mapema kwamba hawa ni samaki wa kudeka. Maji yakipoa wanaugua, mlango ukibamizwa wanajificha, ukiwahamisha wananuna.

Kilichonitia wazimu ni hiki: samaki huyu ananyonyesha.

Ndiyo, mmesoma sawasawa. Titi hana, ila akishapata watoto ngozi yake inatoa ute mzito, na vifaranga wake wanamganda ubavuni wanaudonoa. Siku za mwanzo hawali kitu kingine. Wasipomfikia mzazi, wanakufa. Na Mzee Kanji akaniambia kwamba baba naye anatoa ute huo huo. Nilimkazia macho nione kama ananitania. Hakuwa anatania. Tangu siku hiyo sikutaka kusimuliwa tena, nilitaka kuona.

Mara mbili nimekosa. Uzao wa kwanza ulipotea wote wakati niko kazini, wa pili vilevile. Wameliwa, hilo halina ubishi. Nani kala? Ushahidi sina. Mzee Kanji akatoa hukumu kwa simu: "Ni dume huyo. Safari hii mtenge, jike atalea mwenyewe. Na wakiliwa tena, Deo, nakuja kumchukua jike nimtafutie mume mwingine. Hawa hawaelewani."

Sasa niandike na lile jambo la pili, maana nikiliruka nitakuwa najidanganya.

Mke wangu Anjela amejifungua mtoto wa kike, wetu wa kwanza. Yuko Kibosho kwa mama yangu, anakaa uzazi. Wa kwetu mnajua mambo haya. Mzazi anakaa ndani miezi mitatu, hashiki jembe, hasogelei jiko, analishwa mtori wa ndizi na nyama mpaka mashavu yajae. Kumlea ni kazi ya mama mkwe. Kazi ya baba ni kuleta nyama.

Na mimi kwa kuleta nyama sina mpinzani. Kila Jumapili nafika na nyama ya mifupa na samli. Shikamoo mama, marahaba, mama anapokea mfuko. Kisha ananiletea mtoto mpaka mlangoni, anafunua khanga kidogo niuone uso, anafunika. Utadhani afisa wa mpakani anakagua pasipoti. Naambiwa mzazi amelala, nenda baba, mvua isikukute njiani.

Simlaumu mama. Yeye aliponizaa alilelewa hivyo hivyo na mama mkwe wake, na hadi leo anausifia ule uzazi kuliko harusi yake. Lakini mwanangu sijawahi kumshika. Hata mara moja! Na kuomba nilikuwa sijaomba. Ningeanzaje? Mwanaume mzima anaomba kubeba kichanga, watu wa kule kwetu watauliza nimelishwa nini.

Basi wiki hii mayai yakaanguliwa tena. Nikampigia mama simu, maana sina mwingine wa kumsimulia mambo haya. Mama akacheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza, "Na huyo baba samaki anafanya nini katika chumba cha mzazi? Mtoe!"

Aisee. Mzee Kanji na mama yangu hawajawahi kuonana, na wametoa amri moja.

Nikamtoa. Nilikata ubavu wa kapu la plastiki la sokoni, lile la matundu, nikausimamisha katikati ya tangi kama ukuta. Jike na vifaranga upande huu, dume upande ule. Wakati namsukuma kwenda ng'ambo nilimwambia kwa sauti kabisa, "Kama mimi sikai, na wewe hukai." Nikajisikia vizuri kidogo. Roho mbaya ile, nakiri.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri mno. Vifaranga walipoanza kuogelea walimwendea mama yao moja kwa moja, wakamganda pande zote mbili. Nilivuta kigoda nikakaa mbele ya kioo, chai ikapoa mkononi. Kila kimoja ni kidogo kuliko kipande cha ukucha, na kila kimoja kinadonoa. Nikachelewa kazini na sikujali.

Dume alisimama kwenye ukuta wa kapu. Hakuzungukazunguka, hakula. Rangi yake iligeuka nyeusi, nikasema huyu kanuna. Ila kuna kitu nilikiona na sikukielewa: hakuuelekeza uso kwenye matundu. Aliuelekeza ubavu.

Kufika Ijumaa jike alikuwa amechoka. Ngozi yake ilianza kuparuka parapara, mapezi ameyabana. Alikuwa anajikung'uta, anatoka mbio, vifaranga wanatawanyika, halafu wanamfuata tena, maana waende wapi? Nilimwekea chakula chake, moyo wa ng'ombe uliosagwa, akausogelea, nao wakamfikia kabla hajafungua mdomo. Akarudi kujibanza kwenye kona. Nilimwonea huruma, lakini nilijiambia ndivyo ulezi ulivyo.

Jana asubuhi nikaamka, nikaenda kwenye kioo. Ubavuni mwa jike walikuwa wamebaki wachache sana.

Yesu na Maria! Nilijua ameanza kuwala. Kumbe siku zote alikuwa ni yeye, na mimi nimemfunga asiye na hatia. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Mzee Kanji, mikono kichwani, na ndipo nikatazama ng'ambo.

Dume alikuwa pale pale kwenye ukuta wa kapu, ubavu kwenye matundu. Na ubavu wenyewe ulikuwa unachezacheza. Nikainama mpaka pua ikagusa kioo. Vifaranga! Karibu wote walikuwa kwake. Walipita kwenye matundu, tena mmoja alikuwa anapita muda ule ule nikimtazama, anapenya bila kuuliza. Mimi fundi mzima nilipima tundu ili baba asipite, sikukumbuka kupima kama mtoto atapita.

Na hakuwala. Alitulia tuli kama mtu anayenyolewa, anapepea mapezi taratibu wasidondoke.

Nilikaa pale nikibishana na nafsi yangu. Nikiuondoa ukuta, huenda akabadilika akawamaliza wote, na jike nitampoteza pia. Nikiuacha, jike atadhoofika mpaka afe. Nikauvuta ukuta juu polepole, maji yakinichuruzika kwenye mikono ya sweta.

Jike akaja upande wa dume. Wakasimama ubavu kwa ubavu. Kisha akajikung'uta mara moja, na vifaranga wake wote wakahamia kwa mumewe. Hakuna aliyepotea njia. Yeye akaenda kwenye chakula akala kama mtu aliyetoka kulima. Aliposhiba akarudi, dume akajikung'uta, wakahama tena. Wanapokezana! Hicho ndicho nilichokuwa nimekikata kwa kisu changu mwenyewe.

Wale wa mwanzo aliwala nani, mpaka leo sijui, na huenda nisijue. Nimempigia Mzee Kanji, akasema, "Basi waache pamoja. Jike simchukui."

Leo baada ya misa nikapanda pikipiki kwenda Kibosho, tope mpaka magotini. Shikamoo mama, marahaba, mfuko ukapokelewa. Mtoto alikuwa analia ndani, nikamsikia Anjela anambembeleza kwa sauti iliyokwisha kabisa.

"Mama," nikasema, "naomba nimshike."

"Umshike nani?"

"Mtoto. Anjela apumzike."

"Kwani mimi hapa nafanya kazi gani?"

Nikajikuta nimeanza kumweleza habari ya samaki, kapu, matundu, ubavu, yote, nimesimama mlangoni na kofia ya pikipiki kichwani. Mama ananitazama kama anayepima homa yangu. Sijamaliza, Anjela akaita kutoka ndani, "Mama, mwache tu aingie. Mimi nimechoka."

Mama akasogea pembeni. Nikaingia. Nikakalishwa kwenye kigoda, nikawekewa mwanangu mikononi.

"Shika shingo! Siyo hivyo. Huyo siyo friji, Deo."

Nisidanganye hapa kwamba alinyamaza. Alilia vizuri tu, akanitapikia maziwa begani, akalia tena. Baadaye akachoka, akanitolea macho. Ana kidevu changu, maskini. Nilipogeuka kumwuliza Anjela anaendeleaje, alikuwa ameshalala, mdomo wazi.

Mama alikaa kitandani miguuni pa mkwewe, akamenya ndizi za mtori. Halafu akasema bila kuinua kichwa, "Baba yako alikuwa anasimama pale kwenye migomba."

Sikuelewa. Nikauliza lini.

"Wewe ukiwa mchanga. Kila jioni, anakata majani ya ng'ombe mpaka giza, mzigo juu ya mzigo. Nilikuwa namwona kwa dirisha hili."

"Ukamwambia aingie?"

"Hakuna aliyemwambia. Na yeye hakuomba." Akachukua ndizi nyingine.

Baba alifariki nikiwa sekondari. Miaka yote nilimjua kama mtu mgumu, asiye na habari na watoto wadogo. Nimewasimulia watu hivyo, hata Anjela nilimwambia hivyo kabla hatujaoana. Nilimshika mtoto mpaka mkono ukafa ganzi.

Nimerudi Njoro jioni hii, nimepita nyumbani kuwalisha samaki, nimekuja hapa kafe ya mtandao kuandika kabla umeme haujakatika. Begani nanuka maziwa yaliyochacha na wala sitaki kuoga. Jumapili ijayo nitaenda asubuhi zaidi, na nikifika sitasimama mlangoni.

Ila kuna kitu kinanisumbua tangu nishuke kule. Nyumbani kwetu tulikuwa na ng'ombe mmoja tu.

Baba, majani ya kila jioni yalikuwa ya nani?