Matanga ya Lucas

Mabawa, Tanga
11 Machi 2024

Mwanangu Lucas,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila magoti ndiyo hayo hayo. Hofu ni kwako, maana tangu ubadilishe laini sikupati. Ndiyo nampa Tahiri wa lori barua hii akuletee huko machimboni.

Mzazi mwenzio Benedikta kaja tena na Imakulata wako, safari hii na afisa wa ustawi wa jamii. Wanasema usipojitokeza kutoa matunzo ya mtoto, ni mahakamani. Kila mlango anaogonga Benedikta anaambiwa, "Mtoto ana baba, mtafute baba yake." Imakulata ana miaka saba sasa, na hilo paji la uso ni lako tupu. Kaniuliza, "Bibi, baba anapenda kula nini?" Nikaingia jikoni nikalia.

Njoo, baba. Kuzaa si kazi, kazi kulea.

Mama yako

Machimboni
2 Aprili 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, sijui magoti yako. Huku hali ngumu, na nina mwenzangu mjamzito, hajui kama nina mtoto Tanga. Mahakama itanimaliza, mama. Wakirudi, waambie nimefukiwa shimoni, mwili haukupatikana. Ni neno moja tu. Watafunga faili, yaishe. Kama unanipenda, nisitiri.

Mwanao Lucas

Mabawa
6 Mei 2024

Lucas,

Usiniulize hali. Nimelisema hilo neno lako. Niliogopa watakufunga, uchungu wa mwana, nikatamka. Afisa akanipa pole. Benedikta, niliyedhani atasonya aondoke, alikaa sakafuni akalia mpaka kanga ikalowa.

Lo! Tulisahau tunaishi wapi, mwanangu? Ulidhani kufa ni habari ya ofisini! Jua halijazama, turubai limeshafungwa mlangoni. Jumuiya nzima ikaja na mikeka, Bi Turkiya jirani akapika wali wa msiba, katekista akasalisha. Wakamnyoa Imakulata nywele. Na mimi nimeketi mkekani napokea pole za mtu aliye hai! Tangu siku ile sijathubutu kupokea komunyo kanisani.

Rambirambi wakaamua apewe mtoto. Sasa wanapokezana kumlisha, na Bi Turkiya kamshonea sare ya shule. Ulipokuwa hai hakuna aliyempa hata kipande cha muhogo. Umekufa, mwanao anakula. Kila Jumapili anakuombea pumziko la milele, kwa sauti, mbele ya watu.

Mama yako

Machimboni
3 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kimya changu. Mwenzangu kajifungua mtoto wa kike. Siku nilipompakata nilimkumbuka Imakulata, nikalia kama mjinga. Mama, siwezi tena. Nakuja Krismasi. Wanifunge wakitaka, wanizomee wakitaka, nitamlea mwanangu. Mwambie taratibu kwamba niko hai.

Mwanao Lucas

Mabawa
14 Desemba 2024

Lucas,

Hongera ya mtoto. Barua yako niliibusu, nikaimba peke yangu jikoni. Mwanangu wa pekee anarudi!

Nikamwita Imakulata, nikaanza taratibu kama ulivyosema. Nikamuuliza, "Na baba yako angekuwa hai, je?"

Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Bibi, baba angekuwa hai angekuwa ameshakuja zamani."

Nimwambie nini, Lucas? Kwamba ulikuwa hai siku zote, na hukuja? Nimejaribu tena jana na leo asubuhi, mdomo haufunguki. Ana baba anayempenda, yuko mbinguni. Huyo nikimnyang'anya, nitampa yupi?

Usije. Cha matunzo mpe Tahiri, nimemwapisha asiseme, kila mwezi bila kukosa, nitasema kimetoka jumuiya. Hutapata asante wala hutajulikana. Huyo mdogo mpakate kila siku, akuzoee. Na mimi roho inanichanika, maana nakufa bila kukuona, na nilikuzaa mmoja tu.

Bibi yake Imakulata