Mimba ya Nne Nyumbani kwa Mama Wankuru

Jumatatu, 3 Machi

Nimepalilia mahindi asubuhi, nikaacha katikati. Kiuno. Nimemwambia Mama ni malaria. Amenitazama tumbo, akaenda kufungulia ng'ombe. Anajua. Mimi najua kwamba anajua. Hapa mimba haitangazwi mpaka ijitangaze yenyewe, watu wasije wakaitupia jicho baya.

Hii ni ya nne. Zile tatu zilitoka zimeshakuwa tumbo kabisa, miezi minne, mitano. Sikuwa na homa, sikuanguka. Hata uchungu haukuwa wa maana. "Imeteleza," wanasema wanawake wa huku. Nalichukia hilo neno.

Jumatano, 5 Machi

Mwenyekiti amepita na kipaza sauti. Wiki ijayo madaktari bingwa wanakuja hospitali: wa macho, wa mifupa, wa wanawake. Jirani yangu Gati amecheka mpaka amekaa chini. Eti bingwa wa wanawake anamjua, ni mume wake.

Mimi najua kidogo, kwa sababu dada yangu alipasuliwa Musoma. Nesi anakupima na kukuandikia kadi. Daktari wa kawaida anatibu kila kinachokuja, jino, kuhara, jeraha la panga. Bingwa wa wanawake amesomea kizazi, miaka juu ya miaka. Nataka kumwona. Naogopa pia.

Zahanati sijakanyaga tangu mimba hii iingie. Kliniki siku ya kwanza wanataka uje na mwenza. Mwenza wangu ni nani? Mimi nimeolewa na Mama, huyuhuyu Mama Wankuru; Wankuru ni jina lake mwenyewe, si la mtoto. Nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake amzalie, na watoto wanaitwa kwa jina lake. Mwanaume anayekuja kwangu ni wa mbegu tu. Haitwi baba, wala hatajwi. Mimba ya pili nilijaribu kumweleza nesi mmoja mgeni, na benchi zima likacheka. Sikurudi tena.

Jumamosi, 8 Machi

Leo Mama amesema kwa mdomo wake. Alikuwa anapepeta ulezi. "Hii nayo ikitoka, nitaleta mwingine." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Hatanifukuza. Nitabaki hapahapa, nimpikie huyo mwingine uji wa uzazi. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi.

Jumanne, 11 Machi

Naandikia wodini. Wamenilaza.

Nilimuaga Mama kwamba nakwenda kupima malaria. Foleni ilifika hadi getini. Nilidhani bingwa ni mzee. Kumbe kijana, hata mvi hana. Nikaona aibu, nikataka kugeuka. Hakuuliza mume. Aliuliza zile tatu zilitokaje, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza mpaka mwisho.

Akasema mlango wangu wa kizazi ni dhaifu. Mtoto akianza kuwa mzito, unafunguka kabla ya wakati. Ndiyo maana hakuna uchungu. Dawa yake ni uzi. Mwanamke anawahi mwezi wa tatu, bingwa anaushona ule mlango, halafu anaukata uzi siku za kujifungua zikikaribia. Uzi! Mbuzi wawili tumechinja kwa ajili ya mizimu, na shangazi wa watu tumemnunia kwa uchawi ambao hakuufanya. Nilicheka mbele ya bingwa kama mwendawazimu.

Kisha akanipima. Mlango umeshafunguka, chupa ya maji inaonekana, na huu ni mwezi wa tano. Akigusa na sindano sasa ataipasua. Amesema nilale, nisinyanyuke hata kwenda chooni, tuone.

Nesi wa wodi ameuliza kwa nini sikuanza kliniki mapema. Nikamwambia habari ya mwenza. Akasema, "Dada, si ungekuja na huyo mama yako? Au barua ya mwenyekiti tu." Basi. Barua tu. Nimetaka kumpiga, nikataka kujipiga mwenyewe.

Mficha uchi hazai. Nimeuimba msemo huo tangu shule, nikidhani wanasemwa watu wengine.

Alhamisi, 13 Machi

Imetoka. Wa kiume. Alihema kidogo.

Bingwa alikuja kukaa pembeni ya kitanda. Akasema nyingine ikiingia niwahi. Nikaitikia kwa adabu. Nyingine ya nani?

Jumapili, 16 Machi

Nyumbani. Mvua imenyesha tangu asubuhi. Maziwa yamejaa, yanauma, nguo imelowa. Hakuna aliyeniambia kwamba maziwa yatakuja hata hivyo.

Mazungumzo ya yule mwingine yameanza. Binti anatoka Busawe, wazee wameshaonana. Sikuuliza jina.

Mchana Mama aliingia akakaa kwenye mkeka, kando ya kitanda changu. Huwa haingii. Akauliza yule daktari alisemaje hasa. Nikamweleza mlango, uzito, uzi. Akaniambia nirudie. Nikarudia polepole, kwa Kikurya, maana nilidhani Kiswahili changu kimempita.

Akatazama mikono yake. Akasema zake nazo zilikuwa zinatoka hivyohivyo. Tumbo limeshaonekana, na hakuna uchungu.

Sikuwahi kujua kwamba alishika mimba. Kijiji chote kinasema alizaliwa tasa. Marehemu mumewe alimwita mla watoto, mbele za watu, mpaka anaingia kaburini. Na yeye alinyamaza. Ni ngapi hakuniambia, na mimi sikuthubutu kuuliza.

"Na mimi," akasema, "wangenishona?"

Nilitaka kumdanganya. Nilitaka kusema sijui, zamani hapakuwa na mabingwa, Mungu ndiye anayepanga. Nikaona atajua.

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Wangekushona."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu sokoni. Kisha akachukua uji wangu uliopoa, akaenda kuupasha moto.