Kaka, Baba Amepanda Ngazi za Nyumba ya Gavana

Mpendwa Kaka Benedikto,

Barua hii naipeleka gazetini kwa sababu sina anwani yako. Kama anayeisoma ni mtu mwingine, lakini amewahi kufanya kazi ya reli huko Mbeya na Mhehe mmoja mrefu mwenye kovu juu ya jicho, namwomba amsomee.

Kaka, Baba anaumwa. Yuko hospitali ya Tosamaganga, hapa kwetu Iringa, wiki ya tatu sasa. Nitakueleza ilivyokuwa.

Unaikumbuka nyumba ya Gavana kule mlimani, Baba alikopika miaka yote ya ukoloni. Siku hizi iko wazi kwa watu wote. Unaingia, kijana anakuonyesha vyumba, unaona kitanda cha Gavana na meza yake ndefu. Baba aliposikia, alisema, "Yustina, nipeleke." Kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Nilimkatalia mara mbili, mara ya tatu nikashindwa.

Alivaa koti lake la kanisani. Kijana wa kutembeza wageni alitupitisha mbele, kwenye zile ngazi za mawe. Baba hakuwahi kuzipanda hata siku moja. Yeye njia yake ilikuwa mlango wa jikoni. Alipanda polepole, akipumzika kila ngazi. Alipofika juu akasimama, akakataa kuingia.

"Hapa ndipo nilipompiga mwanangu," akasema.

Wageni waliokuwa nyuma yetu wakasimama kwenye ngazi. Yule kijana hakujua aangalie wapi.

Kaka, wewe unajua siku ile. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimetoka kupokea Komunyo ya Kwanza, nimevaa gauni jeupe alilonishonea Mama. Mvua ilikuwa imenyesha. Ulinileta ili Baba anione. Nikaona mlango wa mbele uko wazi, na ndani kuna kioo kikubwa kuliko mtu. Nyumbani tulikuwa na kipande cha kujionea uso tu. Nilitaka kujiona mzima. Niliingia na miguu yangu ya udongo mwekundu, nikakanyaga zulia lote mpaka kwenye kioo. Ulinifuata, ukanishika mkono, ukanitoa nje mbio. Tulipofika juu ya ngazi, mke wa Gavana akawa ametuona.

Baba akaitwa kutoka jikoni, akapitia ndani ya nyumba mpaka pale tulipokuwa. "Nani ameingia?" akauliza.

Ukajibu kabla sijafungua mdomo. "Ni mimi."

Akavua mkanda. Alikupiga pale pale, yule mama akitazama, na bizimu la mkanda likakuchana juu ya jicho. Hukulia. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na gauni langu safi, sikusema neno. Ulikaa nyumbani mwezi mmoja bila kumsalimia Baba, halafu ukaondoka. Mama alikufa akiamini una roho ngumu, na hata yeye sikumwambia.

Basi juu ya zile ngazi, mbele ya watu nisiowajua, nilipiga magoti. Nikamwambia, "Baba, hakuwa Benedikto. Ni mimi niliyeingia."

Nilingoja anipige. Nilitamani anipige. Akaniwekea mkono kichwani.

"Nilijua, mwanangu. Nyayo zilikuwa ndogo."

"Sasa kwa nini, Baba?"

Akajishikiza ukutani. "Yule mama alikuwa anangoja nimpige mtu. Niliogopa kazi itaondoka, mtalala njaa. Na Bene alikuwa ameshasema ni yeye." Kisha akasema, "Nilimwona anavyoniangalia. Alijua kwamba ninajua."

Kaka, ni kweli? Uliondoka ukiwa na hilo moyoni, miaka yote hii?

Baba hakuingia ndani. Tulirudi nyumbani, na kuanzia siku hiyo chakula kikamshinda. Nikampeleka hospitali, nikapanda basi kuja Mbeya kukutafuta. Nilizunguka kambi za reli siku nne. Msimamizi mmoja aliniambia umehamia Tunduma. Nilipofika Tunduma, wenzako wakasema ulivuka kwenda Zambia. Wengine wakasema hapana, umerudi Usangu kulima mpunga. Mwanamke mmoja wa Kinyakyusa aliyeuza chai kambini alinishika mabega akaniambia, "Dada, huyo kaka yako akisikia jina la Iringa, anaondoka kwenye mazungumzo." Nililia kituo cha basi kama mtoto.

Simlaumu mtu, Kaka. Mimi ndiye niliyenyamaza. Ukitaka usinisalimie, usinisalimie. Nitatoka nje ya wadi mpate kuwa wawili. Ukitaka kumtukana, mtukane, atakusikiliza. Nafikiri ndicho anachokingoja. Lakini njoo akiwa bado anasikia. Sauti imebaki ndogo sana, naweka sikio mdomoni mwake ndipo namwelewa.

Jana nilirudi kutoka safari. Akaniuliza, "Umemwona?" Nilimwangalia alivyokonda, Kaka, nikashindwa. Nikasema, "Nimemwona, Baba. Yuko njiani."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa anakusanya nguvu. Akamwita muuguzi, akaomba anyolewe ndevu.

Amenyolewa. Asubuhi ya leo ameniuliza basi la Mbeya linafika saa ngapi.

Mdogo wako anayekusihi,
Yustina