Ua la Kaburini kwa Baba

Shambani, Ruanda, Mbozi

Kwa mama yangu mpendwa, Ikinga

Shikamoo mama. Subilaga mdogo wangu, wewe unayesoma, soma polepole wala usiruke mahali, na kama mmekaa jikoni tokeni nje kwanza, moshi usije ukawatoa machozi kabla ya habari yenyewe. Mama, mguu unaendeleaje? Na maharage ya bondeni, mvua imeyaachia? Mimi ni mzima wa mwili. Mjomba Asajile naye ni mzima, ila chakula hakimshuki, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Unakumbuka kile kijiti nilichokuja nacho siku za msiba wa Baba, nimekifunga kwa gome la mgomba lililolowa maji, mpaka shangazi akaniuliza kama nimevuka milima yote ile kuwaletea kuni. Nilikipanda kaburini, upande wa kichwa. Subilaga aliniandikia kwamba kimeshika na kina majani. Sasa nisikilize vizuri mama, maana ndugu yako wa tumbo moja ananing'inia kwenye kijiti hicho.

Mbele ya nyumba ya Bwana mwenye shamba pana waridi lililopandwa na Mjerumani aliyeijenga. Vita vilipokuja aliondoka, ua likabaki, jina lake akaenda nalo. Bibi, mke wa Bwana, analipenda kuliko kitu chochote hapa shambani, na amehangaika sana kulijua jina. Sisi tunaliita la Mjerumani, basi. Rangi yake ni ya siagi, pembeni limeingiwa na wekundu kidogo, limejaa hata kikonyo kinainama, na harufu yake ni ya majani makavu ya chai. Nilikuwa nimeyapunguza matawi ya mawaridi yote ya bustani, nayo yakarundikwa yachomwe, ndipo habari ya msiba ikanikuta. Nikachomoa kijiti kwenye lundo lile. Sikuwa na kitu kingine cha kumletea Baba.

Bwana alitoa ruhusa ya mtu mmoja tu. Mjomba akasema, "Nenda wewe, mtoto ndiye anayezika." Akamlilia shemeji yake hukuhuku kambini, kisha akaona anifanyie kazi za bustani ili nikirudi nisikute lawama. Mama, unamjua ndugu yako, yeye ni mtu wa kahawa tangu ujana wake. Mkahawa ukizeeka unaukata chini kabisa, kisiki kinatoa machipukizi, unaacha yaliyonyooka, na kahawa inayorudi ni ileile, tena yenye nguvu. Akaliona waridi la Mjerumani limezeeka, shina limejaa magamba. Akachukua msumeno wake akalikata usawa wa udongo. Alifanya kwa mapenzi tu. Wakati huo Bibi alikuwa kwao Ulaya.

Likachipua vizuri ajabu. Nilivyorudi hata mimi nilimsifu.

Juzi Bibi alialika mgeni kutoka Mbeya, mama mmoja wa Kizungu anayeyajua mawaridi kama wewe unavyozijua mbegu zako za maharage. Alikuja kwa kazi moja tu, kulitambua lile ua na kulipa jina. Wakanywa chai barazani, wakacheka, wakashuka bustanini. Na kichaka kilikuwa kimejaa vimaua vyeupe vidogovidogo, vishada vishada, wala si la Mjerumani kabisa. Bibi aligeuka rangi.

Mgeni akainama, akachunguza majani, akapapasa kisiki. Akasema hilo ni waridi la porini, linalotumika kubeba mengine: jicho la ua zuri, yaani kichipukizi chake, hupachikwa kwenye shina lake, na pale penye maungio huota fundo. "Ama mtu amekata chini ya fundo," akasema, "ama ameling'oa ua na kupanda hili. Kisiki hakiwezi kuniambia ni lipi."

Mjomba alikuwa amesimama na kofia yake mkononi. Akasema, "Nimelikata mimi, Bibi. Nimelikata kama kahawa."

"Kahawa nakata, narudi kahawa!" Bibi akapiga kelele. "Wewe naiba waridi yangu, nauza!"

Bwana ameamua kwamba mgeni akirudi kabla ya mavuno na kusiwe na ushahidi mwingine, Mjomba anapelekwa Boma kama mwizi, na mkewe atoke kwenye nyumba ya kambi. Mama, nimeona aibu mpaka mwilini. Mtu mwenye mvi anaitwa mwizi mbele ya vibarua wa kahawa, na kosa lake ni kunihurumia mimi.

Nilimfuata mgeni kwenye gari lake nikamweleza habari ya kijiti. Alinitazama sana. Akasema ua lililong'olewa hapa lingekuwa na fundo shinani, lakini lililoota kutokana na kijiti halina fundo, linatoka moja kwa moja kwenye mizizi yake. Akasema nimletee mmea mzima, mizizi na ua, naye atasema kweli mbele ya Bwana, na Bibi atalipata tena ua lake. Huenda Bibi akanigeukia mimi kwa sababu ya kijiti hicho. Basi anigeukie.

Kwa hiyo mama, nakuomba kitu kizito. Ulisema mbele ya watu wote kwamba mmea ule hautaguswa na jembe wala kisu. Litazame kwanza, maana lile lundo lilikuwa na matawi ya mawaridi mengine pia, na siku ile macho yangu hayakuwa yakiona vizuri. La Mjerumani kila kikonyo cha jani kina vijani vitano, na miiba yake ni michache, imepinda kama kucha za paka. Likichanua, linuse. Kama si lenyewe, liacheni, wala msimwambie mtu. Kama ni lenyewe, lichimbueni na udongo wake, mlifunge kwa magome ya mgomba, mumpe Ambokile fundi cherehani aliyewaletea barua hii. Mkate tawi moja mlichomeke palepale, Baba asibaki hivihivi.

Mjomba hajui kama nimeandika. Nilipomgusia alinikemea: "Shemeji sikumzika. Leo nimng'olee na ua lake?" Lakini wewe na mimi tunamjua Baba. Angelichimbua mwenyewe.

Nisalimieni shangazi wa kuni, na mchungaji aliyemwombea Baba, na jirani yetu mfua vyuma, na shemeji yangu mume wa Subilaga, mwambieni shoka lake nitamrudishia.

Asubuhi hii Mjomba alikuwa anatia makali msumeno. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Lile la kwa shemeji, limeshachanua?" Mjibu wewe, mama.

Mwanao anayekuwazia,
Lusekelo