Abiria wa Saa Nne

Kaka,

Hapa bandarini hatujambo. Dirisha langu la tiketi limepakwa rangi, na kivuko kimefungwa injini mpya.

Mama amekuja tena, anataka kuvuka aje kwako kisiwani. Nikamwambia uongo wako uleule, kwamba kivuko kibovu. Akakaa kwenye benchi akikitazama kinapakia watu. "Mwanangu," akaniuliza, "hao wanaopanda hawajaambiwa?"

Nilikosa pa kuuficha uso. Ningemwambiaje kwamba huko ukweni ulisema mama yako alishakufa, ukapokea hadi rambirambi?

Nimemkatia tiketi ya saa nne. Kusoma hajui, kwa hiyo barua hii nimempa yeye akuletee. Ukishaisoma, inua macho umpokee mzigo. Na mkeo mwambie marehemu hanywi chai yenye sukari.

Mdogo wako, kama nami hujanizika.