Wimbo wa Kusagia Ulezi

Sumbawanga, Jumanne usiku

Sijui kama nifurahi. Mama amesema leo, kwa mara ya kwanza tangu apooze, na nina hofu kwamba hatarudia.

Muuguzi aliniambia muziki huweza kumwamsha mgonjwa wa namna yake. Kwa hiyo kila nikitoka ofisini namwekea kwaya kwenye simu, kwa sauti ya chini, nisimchoshe. Hutazama ukuta tu. Jumatatu natakiwa kuripoti kituo kipya, Matai. Siwezi kumwacha hivi, wala sijathubutu kumwambia mkuu wangu.

Jioni akina mama wa jumuiya ya kanisani walikuja kumwona. Walipomaliza kusali wakaimba wimbo wa Kifipa, ule wa kusagia ulezi kwenye jiwe. Wao wameuzoea harusini, hivyo wakauimba kwa vigelegele, wakicheza. Mama akakunja uso. Vidole vyake vikaanza kusogea juu ya blanketi, mbele na nyuma, polepole kuliko wao.

"Mnakimbia," akasema. "Unga utakuwa na chenga."

Wakaacha kucheza. Kisha mmoja wao akacheka huku akilia: "Haya, Mama Deo, tufundishe!"

Lakini Mama alikwisha kufumba macho.

Nimekaa mlangoni kwake nasikiliza anavyopumua. Labda ilikuwa mara moja tu. Labda hata Jumatatu itafika hajasema tena...

Kwaya nimeizima. Kesho nitamwimbia ule wimbo mwenyewe, kwa sauti yangu hii mbaya, haraka kabisa, mpaka anigombeze.