Mwanamke Nyuma ya Shuka

Dada mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wale watundu wako wawili. Naomba barua hii ikukute mzima wa mwili na mwepesi wa moyo. Mimi sijambo. Lile goti lililokuwa likinisumbua limepoa, ila usingizi ndio umenikimbia, na chakula nakula kwa kujilazimisha. Najua utauliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu nimeiogopa, Dada. Ningekusikia ukivuta pumzi tu ningeanza kupunguza maneno, na safari hii sitaki kupunguza hata moja.

Nianze na kazi, maana huko ndiko mambo yalikoanzia. Wewe huwaambia majirani zako kwamba mdogo wako analipwa kutazama watu wazima wakicheza, nao hucheka, na huo ndio ukweli wenyewe. Kampuni yetu inatengeneza mchezo mmoja mkubwa wa kompyuta: ufalme mzima, wenye milima na vita na malkia aliyepotea, na mtu anaweza kukaa humo miezi kabla hajamwokoa. Ndani ya mchezo huo tumetia michezo midogo: kuvua samaki, kucheza dama na mlinzi wa daraja, kupanga vyungu rafuni. Wachezaji tunaowaalika wanakaa upande mmoja wa kioo, mimi nakaa upande wa pili na daftari langu. Wakubwa walitaka nijibu swali moja tu: kwa nini watu wanaacha vita, wanamwacha na malkia wao kwenye mashaka, wanakwenda kuvua samaki wasiolika?

Nikawauliza wenyewe. Muuguzi mmoja, mama wa makamo anayekuja akiwa bado na viatu vya kazini, aliniambia kwamba wodini kwake hakuna kitu kinachokwisha. Mgonjwa akiondoka, kitanda hakijapoa analazwa mwingine. Yeye anataka kitu chenye mwanzo na mwisho, na akimaliza aambiwe kwamba amemaliza. Dereva mstaafu wa malori, ambaye ofisi nzima tunamwita Mzee Breki kwa jinsi anavyosimamisha farasi wa mchezo kila njia panda, alisema anataka mahali ambapo akikosea hakuna anayeumia. Mwalimu wa hesabu, mwanamke mkavu wa maneno, alisema zawadi hazimshughulishi, panga za dhahabu anazo kumi na hajui azipeleke wapi. Anachotaka ni mlinzi wa daraja akishindwa anune, na kesho yake akimwona akumbuke kwamba jana alishindwa. Niliandika kurasa na kurasa. Mwishowe niliona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akitafuta ushindi mkubwa. Walitaka mikono ipate kazi ndogo ili moyo upate kupumua.

Nilipopeleka hayo, mkuu wangu wa kazi akasema, haya, wewe unayewajua, tutungie mmoja. Nikatunga mchezo wa kukunja mashuka.

Usicheke kwanza. Nyuma ya mji wa mfalme kuna mlango wa bluu, ukiufungua unaingia uani, na uani kuna kamba za nguo na mwanamke mmoja. Yeye anashika pembe mbili za shuka, wewe unashika mbili. Mnainua, mnavuta, mnasogeleana mpaka pembe zinakutana. Hatua zenu zikilingana, shuka linakunjika bila kunyanzi. Zisipolingana, mnaanza tena, na hakuna anayekugombeza. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Umeshaelewa nilikotoa: ni Mama, ni ua wa nyumba ya wageni alikokuwa dobi, ni mikono yake. Sikumwambia mtu. Yule mwanamke ana maneno matatu tu, na sauti ni yangu mwenyewe, niliirekodi kwenye kabati la vifaa kwa sababu hapakuwa na chumba kingine kimya: "Shika. Vuta. Njoo."

Sasa sikiliza jambo hili vizuri. Mchoraji wetu alikuwa amebanwa na kazi. Akaniambia kwamba shuka likiinuliwa linamfunika yule mwanamke kuanzia utosini, na likishushwa anakuwa ameshageuka kuliweka kapuni, kwa hiyo uso wake hauonekani kamwe. Basi hakuuchora. Alinifungulia kompyuta yake nikajionea: mwili, kanga, mikono mizuri ya mtu mzima, na juu yake kichwa laini kama yai.

Tuliwafungulia wachezaji ua ule siku ya Jumatatu. Hadi Jumatano hakuna aliyetaka kwenda vitani. Muuguzi alikunja mashuka arobaini kwa kikao kimoja bila kusema neno. Alipotoka nilimfuata na daftari langu, nikamuuliza alipenda nini. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Akauliza picha ya mama yake tumeitoa wapi. Nikadhani nimesikia vibaya. Akasema kwamba kila shuka likikaribia kukunjika vizuri kabisa, linashuka kidogo kabla ya wakati wake, na juu yake unatokea uso wa marehemu mama yake. Hakuwa amekasirika. Aliuliza tu kama kesho anaweza kuja mapema.

Nikasema uchovu una mengi. Lakini Alhamisi ilikuwa zamu ya Mzee Breki, na huyo nilimtazama kwa macho yangu nyuma ya kioo. Alikunja saba, nane, tisa. Kisha akakiweka mezani kile kidude cha vitufe anachochezea, akainua mikono yake miwili mbele ya kifua, vidole vimebana hewa kama mtu aliyeshika pembe za kitambaa. Akarudi nyuma hatua moja, akasogea mbele hatua moja. Na kwenye skrini, Dada, shuka likakunjika. Hakuna aliyekuwa amegusa kitufe.

Nilipoingia kumwona machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hana habari nayo. Akaniambia kwa upole kwamba aliyemwona nyuma ya shuka ni dereva mwenzake ambaye walipokezana usukani miaka kumi na tisa, na siku ya ajali iliyomuua ilikuwa zamu yake yeye Mzee Breki kuendesha, lakini alikuwa amelala na mwenzake akaendelea kushika usukani.

Mwalimu wa hesabu naye aliona mtu. Nilijua kwa jinsi alivyofunga mkoba wake. Nilipomuuliza alisema hilo halinihusu, akaondoka kabla ya muda wake.

Nikaenda kwa mchoraji mbio. Akafungua picha yake: yai. Tukatazama rekodi za skrini za siku zote nne, taratibu, picha moja moja. Shuka linapanda, shuka linashuka, mwanamke ameshageuka. Hakuna uso popote. Mchoraji akacheka, kisha akaacha kucheka, akaniomba nisimwonyeshe tena.

Mkuu aliposikia hakutaka maneno mengi. Akaamuru ua uondolewe na mlango wa bluu uzibwe kwa ukuta. Ijumaa asubuhi ukawa haupo, na sauti yangu ikafutwa. Siku ileile muuguzi na Mzee Breki walikuja kucheza, kila mmoja chumba chake, hawakuonana. Wote wawili waliingia mjini, wakapita soko, wakapita daraja, wakaenda moja kwa moja mpaka kwenye ule ukuta mpya na kusimama. Hawakufanya kitu kingine. Saa mbili nzima, Dada, mashujaa wawili wenye mapanga wamesimama wameutazama ukuta. Nilimuuliza Mzee Breki anasubiri nini. Akavua vile vipaza sauti vya masikioni, akanipa. Nilisikia kimya, kisha upepo wa mchezo, kisha sauti yangu mwenyewe, karibu sana, kama mtu aliyeweka mdomo shavuni pangu: "Njoo."

Nilivirudisha.

Pengine mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini wewe unanijua, mimi ni wa kugusa chungu ili nijue kama ni cha moto. Kwenye kompyuta yangu ilibaki nakala ya zamani yenye ule ua. Jumatatu iliyofuata, saa za chakula cha mchana, wenzangu walipotoka wote, nilikaa nikaufungua mlango wa bluu. Nilijiambia naenda kumwona Mama. Nilikuwa hata nimejitengeneza nywele, fikiria ujinga huo.

Nilikunja mashuka kumi, sikuona kitu. La kumi na moja hatua zetu zililingana kama tuliozaliwa pamoja. Pembe zikakutana, shuka likashuka kabla ya wakati wake, na nyuma yake hakuwa Mama. Ulikuwa wewe.

Hukuwa kama ulivyokuwa siku ya mazishi ya Mama, miaka minne iliyopita, tulipoonana mara ya mwisho. Ulikuwa umenenepa kidogo mashavuni, na nywele za upande wa kushoto zimeingia mvi ambazo sijawahi kuziona. Ulinitazama tu kama mtu aliyeuliza swali zamani na bado anangoja jibu.

Nilichomoa waya ukutani. Wazo lililonijia, Mungu anisamehe, ni kwamba wote walioonekana pale walikuwa marehemu. Nikapiga simu yako, imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nikampigia shemeji, na kabla hajaitika nilikuwa nimeshakuzika mara tatu. Akasema upo uani unagombana na fundi bomba, simu yako imeisha chaji, je, akuite? Nikasema hapana, nikakata. Sasa unajua kwa nini alikuambia nimepiga simu nikihema kama mwizi anayefukuzwa. Nilikaa chooni ofisini nikalia mpaka mfagizi akagonga mlango.

Kabla sijakata nilimuuliza shemeji jambo moja la kipuuzi, kama umeota mvi. Akacheka, akasema ndiyo, upande wa kushoto, na nisije nikakuambia kwamba yeye ndiye aliyenipa habari.

Kesho yake nilimtafuta mwalimu wa hesabu shuleni kwake. Nilimkuta anasahihisha madaftari, akanikaribisha kiti bila kutabasamu. Nikamwambia niliyemwona mimi, na habari za wale wawili waliosimama ukutani. Akafunga daftari alilokuwa akisahihisha, akasema kwamba yeye alimwona kaka yake, ambaye ni mzima wa afya na anaishi mtaa wa pili kutoka kwake. Walikuwa hawajasemezana miaka tisa. Aliniambia hata sababu hawaikumbuki kwa namna moja. Siku ile alipofunga mkoba wake alikwenda moja kwa moja kumgongea mlango, akamwambia neno alilokuwa amelificha, na kaka yake alimjibu kwa ukali, lakini alimjibu. Kisha akaniambia, kwa ile sauti yake ya darasani, kwamba muuguzi na yule mzee inabidi wasimame ukutani kwa sababu watu wao hawawezi kufunguliwa mlango. Na mimi ambaye wangu yuko hai, akaniuliza, nangoja nini?

Kwa hiyo Dada, kaa chini kama umesimama.

Nilikuambia kwamba Mama alizidiwa asubuhi na kufariki mchana, na kwamba hapakuwa na nafasi ya kukuita. Si kweli. Mama alilazwa siku sita. Siku ya pili ulipopiga simu nikakuambia ana mafua, amelala. Siku ya nne nikakuambia ametoka kidogo. Basi lingekufikisha kwa siku moja. Kila alasiri aliniuliza kama umefika, na kila alasiri nilimjibu kwamba uko njiani. Siku ya sita hakuuliza.

Nimejiambia miaka yote hii kwamba nilikuonea huruma, ulikuwa na mtoto mchanga. Huo ni uongo niliouvisha nguo nzuri. Ukweli ni wivu. Tulipokuwa wadogo, ni wewe uliyesimama upande wa pili wa shuka na Mama, mkicheka mambo yenu, mimi nimekaa juu ya kapu nasubiri kurefuka. Niliporefuka, wewe ukaolewa mbali, na Mama akawa anakunja peke yake, anasema hana haja ya msaidizi. Zile siku sita alikuwa wangu. Sikutaka kumgawana.

Na kuna kingine. Makaburini ulinishika mkono ukaniuliza kama Mama alisema lolote juu yako, nikakujibu hakusema. Najua umeishi ukidhani alikufa na kinyongo kwa sababu uliondoka bila ridhaa yake. Siku ya tano alinishika mkono vilevile, akasema, "Mwambie dada yako hasira yangu ilikuwa ya siku tatu tu. Miaka iliyobaki ilikuwa kiburi, na kiburi ni changu, si chake." Alinirudisha mara mbili nilitamke neno kwa neno ili nisikosee. Sikukosea. Nilinyamaza tu.

Sijaigusa ile nakala tangu siku ile. Mkuu anataka niandike ripoti, niseme wachezaji wanataka nini. Nimemwambia anipe wiki. Jumamosi ijayo nitapanda basi la asubuhi. Ukinifungulia nitashukuru, ukinifungia nitakaa kizingitini kwako mpaka jua litue, kisha nitarudi. Ukitaka kunitukana, nitukane sana, hiyo ni haki yako na hakuna atakayekuingilia.

Msalimie shemeji, mwambie anisamehe kwa ile simu. Wabusu watoto, na yule mdogo ambaye hajawahi kuniona umwambie ana mama mdogo mmoja, mwenye makosa, lakini anakuja. Nimeisoma barua hii mara mbili, sikufuta kitu. Siku zilikuwa sita, Dada, na kila siku aliyoweza kusema alikutaja.

Ni mimi mdogo wako,
Tone